Mlipuko Ukija, Mlinde Mtoto na Maneno

Jioni moja ya Aprili 2020, shule zikiwa zimefungwa karibu mwezi mzima, nilikuwa nimekaa uani kwa dada yangu wilayani Ngara. Yeye alikuwa akimenya ndizi za usiku. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, daftari la hisabati magotini, anahangaika na aljebra. Akapita jirani, mtu mwema tu, asiye na baya na yeyote. Akasalimia, akaitikiwa, kisha akamtazama kijana na kusema: "Wewe bado unasoma? Shule zenyewe nani kakwambia zitafunguliwa?" Akacheka, akaenda zake. Kijana hakujibu. Aliandika mstari mmoja zaidi, akafunga daftari, akaingia ndani. Wiki iliyofuata nilimkuta barabarani anabeba mizigo na wenzake, na daftari lile sikuliona tena mkononi mwake hadi shule zilipofunguliwa.

Hakuna aliyemkataza kusoma. Vitabu alikuwa navyo, mama yake alitaka asome, afya alikuwa nayo. Kilichomwondoa kwenye kile kigoda ni sentensi moja ya mpita njia, iliyomkuta tayari ana wasiwasi. Tangu siku ile nimeamini kwamba amri ya serikali hufunga milango ya shule tu. Mtoto mwenyewe hufungwa na maneno ya watu, na maneno hayo hayaishi siku kengele inapogongwa tena.

Tukumbushane yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku hizo zikapita, shule zikabaki zimefungwa. Vyuo na kidato cha sita vilirudi tarehe 1 Juni, madarasa mengine tarehe 29 Juni, na Oktoba ileile darasa la saba wakakaa kwenye mtihani wa taifa. Ukilinganisha na baadhi ya majirani, sisi tulikaa nyumbani muda mfupi. Kenya ilitangaza mwezi Julai kwamba mwaka ule wa masomo uhesabiwe umepotea. Uganda ilifungua shule zake zote Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili.

Sasa mweke mtoto wa kata ya Mugoma, wilayani Ngara, katikati ya hayo. Ngara imepakana na nchi mbili. Rwanda ilifunga shule Machi na kuanza kuzifungua kwa awamu mwezi Novemba. Burundi haikuzifunga kabisa. Kwa hiyo mtoto mwenye shangazi ng'ambo moja na binamu ng'ambo nyingine alikuwa akisikia habari tatu kwa siku moja, kila moja ikiapiwa kuwa ndiyo ya kweli. Juu ya hapo kulikuwa na mpaka wa Rusumo na malori yake. Aprili na Mei ya mwaka ule madereva wetu walikwama mpakani baada ya Rwanda kutaka magari yabadilishwe madereva, na maneno yakaenea barabara nzima kwamba ugonjwa unaletwa na watu wa magari. Mtoto wa dereva, au wa mama anayewapikia madereva, hakuhitaji kuugua ndipo wenzake wamkwepe kisimani.

Mzazi mwenzangu, anza na hilo la habari, maana ni jepesi na halina gharama. Chagueni nyumbani chanzo kimoja mtakachokiamini kuhusu shule: tangazo la Wizara kupitia redio, au mwalimu mkuu, au mtendaji wa kijiji. Habari nyingine zote zikija, mjibu mtoto kwa utulivu, "Hiyo hatujaisikia kwa mwalimu." Usimwachie kila mgeni anayeingia uani awe Waziri wa Elimu. Na kama tarehe ya kufunguliwa haijulikani, usijaribu kuibuni ili kumfariji, kwa sababu ikipita bure atakuhesabu wewe pamoja na waongo wengine. Mwambie tu kwamba hapa nyumbani tunasoma mpaka shule ifunguliwe, iwe keshokutwa au mwakani.

Kisha weka saa. Nasema saa moja, wala sisemi ratiba ya kubandika ukutani, maana maisha ya shamba nayajua: kahawa ikikomaa haisubiri, maharage yakikauka hayasubiri. Lakini saa moja haikosekani, labda asubuhi kabla ya kwenda shambani, labda baada ya kurudi kabla giza halijaingia. Iwe ileile kila siku, na watu wote wa nyumba waijue. Hapo ndipo mzazi asiyejua kusoma anapokuwa mwalimu mzuri kuliko anavyodhani. Mwambie mtoto akueleze alichosoma kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa Kihangaza kama ndicho mnachozungumza jikoni. Akishindwa kukueleza, hajaelewa, na yeye mwenyewe atarudi ukurasani bila kufokewa. Jirani akipita saa hiyo na kuuliza kama mtoto bado anasoma, jibu wewe, tena kabla mtoto hajatafuta jibu: "Ndiyo, hii ni saa yake." Dada yangu alikaa kimya jioni ile kwa sababu ya adabu, nami nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa mgeni. Kimya chetu kilimwambia kijana kwamba jirani amesema kweli.

Ukidhani nazungumzia mambo yaliyopita, geuka utazame Biharamulo, wilaya jirani. Tarehe 14 Januari 2025, wiki zilezile ambazo watoto walikuwa wanaanza mwaka mpya wa masomo, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu walioshukiwa kuugua Marburg mkoani Kagera. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa wa Biharamulo. Siku zile sita za katikati zilikuwa ndefu kuliko kalenda inavyoonyesha, kwa sababu pasipo jibu kila mtu hutunga lake. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 wakiwa wamehesabiwa kuugua, wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa kudhaniwa, na wote 10 walifariki. Miaka miwili kabla, Machi 2023, Marburg ilikuwa imetokea wilaya ya Bukoba Vijijini katika mkoa huuhuu na kuua watu sita.

Korona ilipita hewani na ilimgusa kila mtu, basi aibu yake iligawanyika. Marburg ni tofauti. Huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, huua wengi kati ya wanaoipata, na kwa sababu hiyo jina la nyumba iliyofikwa halisahauliki. Waliomgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, wakipimwa joto na kuulizwa hali, kwa kuwa hizo ndizo siku ambazo kirusi kinaweza kujificha kabla ya kujitokeza. Siku 21 ni wiki tatu za masomo. Kwa mtoto wa darasa la saba ni sura nzima ya hisabati. Lakini nakuhakikishia kwamba wiki zile tatu si tatizo kubwa, maana huweza kufidiwa. Tatizo ni asubuhi ya siku ya 22.

Fikiria asubuhi hiyo. Mtoto amevaa sare iliyofuliwa na kukauka vizuri. Hana homa, hana dalili, watu wa afya wamemruhusu. Anaingia darasani, anakwenda kwenye dawati lake la watoto watatu, na wale wawili wanasogea mpaka ukingoni, mmoja nusu ya mwili iko nje. Hakuna aliyemtukana. Mwalimu akiwa anaandika ubaoni hakuona kitu. Mapumziko yakifika, kikombe alichonywea uji kinabaki peke yake. Mtoto huyo atakuja kesho, pengine na keshokutwa. Siku ya nne ataumwa tumbo kila ikifika saa 12 asubuhi, na mama atadhani ni minyoo.

Walimu wa Mugoma, wa Rulenge, wa Nyakahura, nawaomba hili kwa dhati: msimwachie mtoto wa namna hiyo aingie darasani peke yake. Siku moja kabla hajarudi, waelezeni wenzake ugonjwa unavyoambukiza na usivyoambukiza. Waambieni maana ya kumaliza siku 21 bila dalili, kwamba mtu huyo ni salama kama walivyo wao. Asubuhi yenyewe, mwalimu wa darasa amsubiri mlangoni, ampokee daftari kwa mkono wake mbele ya wote, na amsogeze karibu naye wanapofanya zoezi. Watoto hawafuati hotuba ya mwalimu kama wanavyofuata mkono wake. Wakiona mwalimu ameshika daftari lile na hakuogopa, dawati litajaa lenyewe. Na kazi alizokosa asirundikiwe kwa pamoja, apewe somo moja baada ya jingine, akianza na lile analolipenda, ili wiki yake ya kwanza iwe na tiki nyekundu chache za kumtia moyo.

Wewe mzazi ambaye mwanao anakaa dawati moja na mtoto huyo, una kazi nyumbani. Najua hofu yako, na si dhambi kuogopa ugonjwa wa kuua. Ila ukimwambia mwanao "usikae karibu na wale", umempa amri ambayo hajui inaisha lini. Ataishika mwaka mzima, na atawapelekea wenzake. Mwulize kwanza mhudumu wa afya wa kijiji. Akikuambia wamemaliza siku zao, mwambie mwanao kwa sauti ileile uliyomwonya nayo kwamba sasa hakuna hatari, akacheze.

Wanafunzi nao, niwaambie neno. Mwaka ule wa korona mtoto aliyevaa barakoa alichekwa, na aliyenawa mara tatu aliitwa mwoga. Wengi waliacha kuvaa bila kubadili mawazo, walichoka tu kuchekwa. Kama umeamua kujikinga, usiingie kwenye mjadala wa kumshawishi kila mtu kijiweni. Jibu fupi latosha: "Nyumbani kuna bibi." Hakuna atakayekubishia hapo. Kusoma nako ni vilevile. Wenzako wakikuita twende, sema utakuja ukimaliza, kisha ukimaliza uende kweli. Rafiki haudhiki na mtu anayechelewa kwa sababu anayoijua. Anayeudhika kila mara unaposhika kitabu, chunguza anataka nini kwako.

Kwa wavulana msukumo mkubwa huja na noti mfukoni. Shule ikifungwa, kijana anapata kibarua cha kupakia ndizi, anaendesha bodaboda ya mjomba, au anafuatana na wakubwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Biharamulo. Anarudi na elfu tano, anamnunulia mama sukari na sabuni, na nyumba nzima inamsifu. Sifa hizo ni halali, mtoto kusaidia nyumba ni malezi mema, nami sitamwambia mzazi mwenye shida aikatae sukari. Lakini angalia jambo hili: kijana huyohuyo alipopata alama 68 za kemia, nani alimsifu mbele ya wageni? Akigundua kwamba fedha humpa heshima na masomo humpa maswali tu, ataondoka zake, hata shule ikiwa wazi. Basi tangu siku ya kwanza pangeni kibarua kiishe saa ngapi, sehemu ya fedha iwekwe kwa ajili ya madaftari na kalamu za siku ya kufungua, na yeye aione ikiwekwa. Machimboni asiende. Hapo sina nafasi ya mashauriano, shimo likiporomoka halichagui mwanafunzi.

Kwa binti maneno huwa matamu zaidi na mabaya zaidi. Binti aliyekaa nyumbani miezi mitatu anaanza kuambiwa amekua. Shangazi anakuja na habari za mtu mwenye ng'ombe, jirani anamletea mafuta ya kupaka, na kila mmoja anajifanya anamwonea huruma kwa kukaa bure. Baba na mama, tamkeni wazi, wageni wakiwepo, kwamba binti huyu ni mwanafunzi, na shule kufungwa hakukumwondolea jina hilo. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016, kifungu cha 60A, inampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mkumbushe hilo mwenye ng'ombe kwa upole akiwa bado kwenye chai.

Na kama jambo limeshatokea, binti ana mimba au ameshajifungua, tafadhali msimkatishe masomo kwa mikono yenu. Hadi mwaka 2021 huo ulikuwa mwisho wa shule. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka ule ukaweka utaratibu. Asiyeweza kurudi darasa la kawaida anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wapo mabinti kijijini ambao kinachowazuia leo ni maneno tu ya njiani: "Mama mzima na sare?" Mtu wa kumsindikiza wiki ya kwanza, mama, dada au bibi, hukata maneno mengi kwa kutembea naye bila kusema lolote.

Kuna shinikizo jingine ambalo sisi wazazi ndio tunaolitia, tena kwa mapenzi. Shule zikifunguliwa baada ya mlipuko, tunataka yale yaliyopotea yarudi kwa mkupuo. Tunaanza kumtaja mtoto wa fulani anayesoma shule ya bweni mjini, aliyekuwa akitumiwa kazi kwa simu wakati wote. "Mwenzako anasonga, wewe umelala." Mtoto ambaye nyumba yao nzima ina simu moja ya tochi atafanya nini na habari hiyo? Atakesha siku tatu, atasinzia darasani siku ya nne, atafeli jaribio la kwanza, na kuanzia hapo ataficha karatasi zake. Nimewaona watoto wenye akili wakifikia hapo. Aliyekuwa akiuliza maswali darasani anakaa nyuma na kunyamaza, kwa kuogopa kuonekana amesahau.

Mwulize mtoto leo amejifunza nini, swali la amekuwa wa ngapi liache kwa muda. Mwambie mwalimu akuonyeshe mada tatu ambazo mwanao amezikosa, mzifuate hizo kwanza. Mitihani ya miaka ya nyuma ni msaada mkubwa, na wanafunzi wa juu yake huwa nayo, wanaazimana. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo simu moja ya kisasa ya mjomba au ya jirani, ikishikwa nusu saa kwa wiki mkiwa mmekaa pamoja, inatosha kunakili mazoezi ya siku kadhaa daftarini. Na redio isidharauliwe. Mwaka 2020 Taasisi hiyohiyo iliandaa vipindi vya masomo vikarushwa redioni na kwenye televisheni, na betri za redio ni rahisi kuliko bando. Mlipuko mwingine ukija, jua vipindi hivyo vinatoka saa ngapi kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Fuatilia pia mwenendo wake, zaidi ya alama. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akianza kukaa peke yake, akikataa chakula, akilalamika kichwa au tumbo kila asubuhi ya shule, au akisema maneno ya kukata tamaa, usimwite mvivu. Kaa naye mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnapukuchua mahindi au mnachambua maharage, maana mtoto husema kwa urahisi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Uliza nani kamwambia nini. Mara nyingi utakuta kuna mtu mmoja na sentensi moja. Likizidi uwezo wako, shule ina mwalimu wa malezi na ushauri, kituo cha afya kina watu wa kusikiliza, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Akiwa ametishwa au amedhuriwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi bila kusubiri kikao cha ukoo.

Kijana wa dada yangu alirudi darasani tarehe 29 Juni 2020. Alihangaika muhula ule, na aljebra ilimtesa mpaka Novemba alipofanya mtihani wa upimaji. Aliniambia baadaye kwamba jioni ile alikuwa amebakiza hesabu mbili tu.

Basi wewe unayepita uani kwa mwenzio jioni ukamkuta mtoto na daftari magotini, msalimie, muulize anasoma nini, na kama una dakika tano, vuta kigoda umsikilize.